Mutobe ya kuuma ulimi

Kirolirwe, siku ya Mungu jioni, 1953

Mutoto wangu Furaha, hata meno haijamalizika kuota, leo alisukuma maziwa.

«Mama, sitaki hii. Nataka mutobe ya kuuma ulimi.»

Ya kuuma! Mutobe njo maji ya ndizi, iko tamu tu. Nilikimbia kuonja ile kibuyu yenye mama mukwe anamupimiaka kila jioni, eti alale muzuri. Yesu wangu! Ilikuwa kasiksi, pombe kabisa.

Mama mukwe alicheka. «Ikilala siku mbili inachacha kidogo. Itamufanya nini? Si hata bwana yako nilimulea nayo?»

Niligeuka nimuangalie bwana. Alikuwa amesinzia pembeni ya moto, kikombe ikiwa bado mu mukono.