Mama wa Anselmi

Ifakara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Namwomba kaka akusomee haya polepole, asiruke neno. Je, mguu wako umepata nafuu? Baridi ya Tukuyu haijakutesa? Mimi mwili ni mzima. Moyo, Mama, umechoka sana.

Uliuliza kwa nini nilikuja huku Kilombero badala ya kurudi nyumbani. Nilimfuata mama wa Anselmi, rafiki yangu wa vitani. Kule Burma tulilala handaki moja. Bomu lilituangukia sote wawili, likamchukua yeye. Tangu hapo kila nikila, naona nakula chake.

Nilipojitambulisha kwa yule mama, aliniuliza neno moja tu: "Mbona wewe umerudi?"

Nikajenga kibanda kando ya shamba lake, nikawa namlimia mpunga. Hakunisemesha. Samaki niliompelekea aliwatupia mbwa. Mama, kuna siku nilisimama mtoni nikatamani maji yanichukue.

Juzi homa ilimwangusha, na mbuga yote imejaa maji. "Niache," alisema. "Usinishike." Nikambeba hivyohivyo, nikamlaza mtumbwini, nikasukuma kuelekea Ifakara. Katikati ya matete akafumbua macho.

"Mwanangu alikufaje? Usinifiche."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata wewe. Nikamweleza yote: alivyobaki hai baada ya bomu mpaka jua likapanda, alivyoomba maji nikampa, alivyomwita mama yake kwa Kipogoro, kichwa chake mapajani mwangu. Nililia mpaka mtumbwi ukaenda wenyewe.

Yule mama akasema, "Kumbe hakufa peke yake." Akanishika mguu, hakuuachia mpaka tulipofika.

Sasa yuko hospitali, hali yake mbaya. Daktari hanipi tumaini, nami najiuliza: na huyu naye nimpoteze? Ndoto za vita hazijaniacha. Lakini uji wa wauguzi anaukataa, wangu anaumeza. Kwa hiyo msimu huu usinitazamie, Mama. Nisamehe.

Nisalimie baba mdogo anayekutunzia migomba, dada na wanawe, na shangazi mjane, mwambie simsahau. Mkisali, mtajeni na mama huyu.

Naishia hapa. Ananiita, na leo ameniita kwa jina langu.

Mwanao akupendaye,
Ambakisye