Kitanda cha Chini ni cha Mama

Mama yangu wa Kimanga, jambo sana kutoka Albertville! Tumefika salama, miye na tumbo yangu.

Pale bandari ya Kalundu karani wa meli alitaka kunipa kabini ya juu kabisa. "Tulishapata uhuru, mama, lala mahali wazungu walikuwa wanalala!" Nikashika ukuta: moto kama sufuria ya bugali. Nikamwambia uhuru haiko kupikwa. Nikachagua ya katikati, mbali na mashini, upande wa milima, kwa sababu milima inaficha jua mapema.

Iko na vitanda viwili. Nikapanda cha juu. Karani akashangaa: "Na mimba hii? Cha chini si kiko wazi?" Nikamujibu: "Cha chini ni cha mama yangu. Kwetu mwana akisha kuolewa halali kitanda cha mama yake."

Mama, wanasema waasi wamefika Kamanyola, karibu na kwetu, na weye unangoja mihogo ikomae. Meli inarudi Kalundu juma hili. Kabini ni ile ile, shuka nilitandika mwenyewe. Mujukuu anataka mikono yako imuoshe.

Karani ameniahidi hatampa mutu kile kitanda. Usinifanye muongo mbele yake.

Binti yako, Feza