Uzi Ulioelea Kwenye Beseni

Mama yangu mpenzi,

Leo nimecheka darasani peke yangu mpaka wanafunzi wakatazamana. Ungekuwepo ningeshuka mbio hadi nyumbani Ikuti nikuambie: ule mzigo ulionitwisha nimeutua.

Ulikuwa kitandani siku zako za mwisho, ukanishika mkono. "Mwanangu, mlipokuwa wachanga, siku moja nawaogesha wewe na pacha wako, uzi mwekundu niliomfunga Ambakisye ukafunguka, nikauona unaelea kwenye beseni. Nikamfunga mmoja wenu, basi tu. Sijui kama nilipatia." Ukalia. Tangu tukuzike, kila nikiitwa Ambakisye nashtuka. Je, naishi na jina la pacha wangu?

Unakumbuka mitumba ilipoanza kuingia Tukuyu? Kabla ya hapo duka la ushirika lilituvika kitambaa kimoja kijiji kizima. Ukatununulia mashati, langu jekundu, la pacha wangu Ambilikile kijani, ukashangilia, "Sasa nawajua!" Wiki haikuisha tukabadilishana. Ukamchapa yeye kwa utundu wangu, maskini!

Sasa leo nilikuwa nafundisha elektroni. Kila moja ina spini yake, kama kuzunguka kwake, ya juu au ya chini, ndiyo shati lake. Mbili zikigongana spini zikiwa tofauti, unaweza kujua ipi imeelekea wapi. Zikiwa na spini ileile, hujui. Nikawaambia wanafunzi wasidhani ni udhaifu wa macho yetu. Zikija uso kwa uso kwa mwendo sawa, hakuna hata moja inayochepuka kwa pembe mraba. Kama "hii" na "ile" zingekuwepo kwa siri, baadhi zingechepuka hivyo. "Kwa hiyo swali la ipi ni ipi halipo," nikasema, na hapo nikajisikia mwenyewe. Lo, mama, nilivyocheka!

Najua, watoto si elektroni. Mmoja wetu alitangulia kuzaliwa, na Mungu anamjua. Lakini jioni Ambilikile alipopita na mikungu yake ya ndizi, nikapata ujasiri wa kumweleza yote. Akaniangalia, akaangua kicheko.

"Bwana we, ukishajua utanirudishia nini? Mke?"

Tukala, tukakutaja mpaka chakula kikapoa. Nimefarijika, mama, hata usingizi leo utakuja wenyewe.

Nawe pumzika. Uliita majina mawili, tukaitika wawili, na sote ulitupakata.

Ndaga fijo, asante sana.

Mwanao,
mmojawapo