Umesema Mara Moja Tu

Dada,

Salamu zako amenipa Mama, tena kwa mbwembwe, kama mtu aliyetumiwa zawadi. Mimi mzima, cherehani nzima, na sare za shule zimenijaa mezani.

Mama siku hizi akiamka anatandika kitanda, anafungua dirisha, anamwagilia maua yake ya kwenye makopo, kisha anakunywa chai nje, juani. Majirani wanamsifu. "Mwanangu mkubwa kanifundisha," anawaambia, "kwa simu tu!"

Dada, tangu tumzike Baba nilimbembeleza kila siku afungue dirisha, atoke juani. Maua yale nimeyapanda mimi. Alinigeuzia mgongo akalala hadi jioni. Wewe umesema mara moja tu, akaruka kitandani kama askari aliyesikia filimbi! Ama kweli nabii haheshimiwi kwao. Mimi kazi yangu ni kuosha kikombe.

Usidhani nina kijicho. Haya, ninacho. Juzi kidogo nikivunje hicho kikombe.

Ila kuna jambo sijamwambia Mama. Wiki ya tatu sasa, pazia la chumbani kwangu halijafunguliwa. Kitanda sitandiki. Nashona sare za watoto wa watu huku machozi yakilowesha kola. Dawa yake naijua, si ndiyo niliyompa Mama? Lakini nikijiambia mwenyewe, sijisikilizi.

Kesho ukimaliza kuongea na Mama, usikate simu. Mwambie anipe. Halafu niamrishe na mimi.

Mdogo wako,
fundi cherehani