Waliolia Jumamosi

Mlali, Jumamosi, 12 Desemba 1953

Asante Mungu kwa Sidonia na mboga yake ya mlenda! Mimi Msandawe wa Kwa Mtoro, mpishi wangu Mgogo ananinenepesha mwaka wa njaa. Ananicheka pia – ati Kigogo changu kinachekesha hata kuku.

Leo maungamo ya Majilio. Mmoja alilia kwa sauti, waliongoja kwenye benchi wakasikia. Aliyosema yamezikwa kifuani, hata hapa siandiki. Lakini alitoka mwepesi! Kwa hilo tu, nashukuru kuzaliwa.

Jumatatu, 14 Desemba

Balaa. Mawe ya mvua ya Mzee Matonya, mleta mvua wa kijiji, yaliibwa chunguni mwake wiki iliyopita. Ya babu zake – bila hayo hawezi kutambika, na mashamba yamekauka. Amekuja mwenyewe. Nikampa shikamoo, kigoda na maji ya ubuyu. Akauliza kwa upole: aliyelia Jumamosi ni nani, si ndiye mwizi aliyekuja kutubu? Nikamjibu, nikisema hilo, upadre wangu umekwisha. Akanywa ubuyu wake. Kisha akasema hata yeye ana maneno ya mvua asiyomwambia mkewe. Tukaelewana! Ila wanawe walisimama mlangoni, hawakugusa ubuyu. Hata Bernardo, niliyembatiza mimi.

Alhamisi, 17 Desemba

Jana wana wa Matonya walimpiga Ruthu kwa sababu alikuwa kwenye benchi. Walimvunja mkono. Nimelia kwa hasira. Wameapa kupita kwa wote waliokuwepo, nyumba kwa nyumba, mpaka wampate mwizi.

Katekista wangu, Bartolomayo, ananisihi: Padre, sema tu "si Ruthu". Jamani! Nikisema si Ruthu, kesho wataniuliza kama ni Priska, keshokutwa mwingine. Mwisho atabaki mmoja.

Basi, anasema, nipande lori la Akbarali, yule mwenye duka wa Majengo, linarudi Dodoma kesho. Hapana. Nikiondoka, nani atasimama na hawa? Bartolomayo amekwenda Mpwapwa kwa baiskeli kumwita Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Naogopa, niseme kweli.

Jumamosi, 19 Desemba

Nilidhani leo haji mtu. Nani athubutu kuonekana akiungama?

Sidonia akatangulia. Akapiga magoti – akaangua kilio kama yuko msibani! Nikashtuka. Akaja Priska: kilio. Ruthu na bandeji yake: kilio. Hata wasiobatizwa wakapanga foleni, wakalia, wakatoka wakipangusa macho. Kumbe wanawake walipanga hivi kisimani, Sidonia ameniambia jikoni baadaye. Sasa aliyelia ni kijiji kizima. Watampiga nani? Nilicheka mule ndani, Mungu anisamehe, halafu nikalia na mimi.

Mchana huu wana wa Matonya wako uani, na mapanga. Wameelewa: hakuna tena wa kumuuliza ila mimi. Namsikia mzee akiwazuia, sauti imemkauka. Hawamsikilizi. Bartolomayo hajarudi.

Sidonia ameshika mwiko, anataka atoke yeye kwanza. Nimemkatalia – maharage yako motoni, na watu wa foleni hawajala.

Asante, Mungu, kwa Sidonia. Kwa Ruthu. Kwa yule mmoja, ambaye sasa hakuna atakayemjua.

Wananiita. "Padre, toka." Bado wananiita Padre! Na sauti ni ya Bernardo.

Stola ya kuungamishia iko shingoni tangu asubuhi. Siivui. Huenda Bernardo akaihitaji.