Pimbi Anakaa Chini

Mirongo, 4 Februari 2024

Kaka Bashiru, shikamoo. Sisi hatujambo, ila kifua kinanibana kidogo. Vipi afya yako huko gerezani, na lile jino?

Mwanao ananishinda. Juzi kamng'ata Nurudin wa jirani mpaka damu. Ana miaka mitano tu, lakini Hadiya akikasirika nakuona wewe kabisa, nami naogopa. Bado anaamini uko visiwani unavua. Sijathubutu kumwambia kwamba uliua mtu kwa ngumi pale mwaloni wanakoshusha samaki, kisa nafasi ya kuanika dagaa.

Mdogo wako, Moza

Gerezani, 10 Machi 2024

Mdogo wangu Moza, marahaba. Jino limeng'olewa, sijambo. Pole na kifua.

Nimemchorea Hadiya kitabu cha pimbi, kama wale wa kwenye mawe nyuma ya nyumba. Pimbi akikasirika, anakaa chini. Hasira ikizidi, analala. Ikizidi tena, anakwenda ziwani kunawa uso. Ndivyo mama alivyotufundisha, unakumbuka. Mwisho anarudi nyumbani, baba yake yuko mlangoni anamsubiri.

Msomee polepole. Niliko usimwambie.

Kaka yako, Bashiru

Mirongo, 21 Aprili 2024

Kaka, shikamoo. Kifua kimepoa, alhamdulillahi. Wenzako wa huko hawajambo?

Kitabu kimefanya kazi! Hadiya akikasirika anajitupa sakafuni mwenyewe, tunacheka, kisha huyo kwenye ndoo kunawa. Ila akimaliza anakimbilia mlangoni kukutafuta. Kwa nini uliuchora mlango ule? Ni ukatili, kaka.

Moza

Gerezani, 12 Mei 2024

Moza, marahaba. Mimi mzima.

Mwache asubiri. Sina kingine cha kumpa.

Kaka yako

Mirongo, 9 Juni 2024

Kaka, shikamoo. Leo siulizi hali, nisamehe.

Jana Hadiya alikasirika, akakaa, akalala, akanawa, akaenda kusimama mlangoni. Nurudin akamwambia kutoka barabarani: "Unamngoja nani? Baba'ko yuko jela, aliua mtu." Hadiya akaokota jiwe, akamrushia. Daktari anasema jicho la yule mtoto halitaona tena. Mama yake analia uani kwake, nami namsikia nikiandika.

Nimemweleza Hadiya ukweli wote. Akaleta kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaniuliza: "Kwani baba hakujua kukaa chini?"

Mjibu wewe, kaka. Anaingoja barua yako.

Moza

Mirongo, 1 Desemba 2024

Kaka Bashiru, shikamoo. Natumaini u mzima. Askari wa getini ananiambia barua zangu zote unazipokea.

Hadiya haulizi tena. Hang'ati, hapigi, mwalimu wake anamsifu kwa upole. Watu wananipongeza kwa malezi, na mimi mwenzako nalala na hofu.

Jana alikuja mgeni, akataja jina lako. Hadiya alikuwa amesimama kando yangu. Akakaa chini. Kisha akalala. Kisha akaenda kwenye ndoo, akanawa uso.

Mlangoni hakwenda.

Mdogo wako, Moza