Sufuria za Mwanakhamisi Zimepikiwa Nguruwe

Shikamoo Bibi Rozalia, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mwanangu Lugano amepata kipaimara hapa Mbalizi, Bibi, furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza, suti ilimkaa, kwaya iliimba mpaka madirisha yakatikisika, na jirani yangu Mwanakhamisi, anayeuza vitenge, ndiye aliyeniazima sufuria zake mbili kubwa alizoletewa na mama yake kutoka Tanga, zile anazopikia uji wa futari kwa mtaa mzima. Huyu si jirani tu, Lugano alipolazwa akiwa mchanga tulikaa naye wodini, yeye dua yake, mimi sala yangu, mtoto mmoja. Hata mbuzi wa sherehe tulimwita Mwislamu achinje kama tulivyozoea, na Mwanakhamisi akala, akashiba, akapiga vigelegele kuwashinda mashangazi.

Sasa alipokwenda kwake kuswali magharibi, shemeji yangu Saulo akatokea kutoka Igowole na ndoo imejaa nyama ya nguruwe, anacheka, eti, "Shemeji, kipaimara bila kitimoto ni matanga!" Mimi nikamwacha nikaenda kusindikiza wageni, niliporudi jikoni nikakuta sufuria zote mbili zinachemka. Nililia, Bibi. Mume wangu akasema, "Sufuria haina dini." Nimezisugua kwa majivu na stilwaya mpaka unajiona uso, na akina mama wa maombi tumefunga tukamwomba Mungu alifunike jambo hili, kiongozi wetu akaniambia sabuni imepita, maombi yamepita, nyamaza. Lakini jana Mwanakhamisi akamtuma binti yake Nusrat kuzifuata, nikasema bado nazikausha, mtoto akaenda akarudi na salamu: "Mama anasema usiwe na haraka, ziko kwenye mikono salama." Bibi, nilichomwa moyo. Nikisema nitampoteza, nisiposema atafuturisha mtaa kwa sufuria hizo hizo. Nifanye nini?

Bertha, Mbalizi

*

Marahaba, mwanangu Bertha! Mimi shule sikuujua hata mlango wake. Eveline wa hapa gazetini ndiye amenisomea, na alipofika kwenye ndoo ya Saulo nikasimama wima na goti langu hili bovu. Nimemwambia jibu likutangulie kwa simu, kuchapwa kutafuata. Kwanza hongera! Lugano Mungu amkuze, na tumbo lililomzaa nalisifu. Haya, kusifu nimemaliza.

Unamwomba Mungu afunike? Mungu si kifuniko cha sufuria, wewe! Mnafunga, mnalia, mnakemea, na mwenye mali yuko hapo ng'ambo ya uchochoro anakusifia mikono. Sala ya namna hiyo ni kujificha nyuma ya Mungu. Na mumeo mwambie Bibi amesema: sufuria haina dini, sawa, ila mwenye sufuria anayo. Mtu akikinywea pombe kikombe cha sakramenti, kisha akakisugua kikang'aa, baba Lugano angenyamaza? Angeng'oa mlango wa kanisa!

Sikiliza. Mkwe wangu Habibu ni Mwislamu. Akija kwangu msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kila chombo cha nyumba hii kinanuka ulanzi, hata kata ya maji. Alikuja na birika lake, akalitundika ukutani, halipikiwi ila chai yake. Mimi mdomo wangu mnaujua, nikamuuliza: "Baba, hilo birika si kunitukana?" Akacheka. "Mama, bila hilo birika ningekuwa nalala gesti." Tangu hapo atakayeligusa atanijua. Ndivyo tunavyoishi: yeye anaswali chumba cha uani, mimi nasali rozari yangu jikoni, asubuhi tunakutana kwenye chai.

Kwa hiyo usijipe kazi ya kuamua kwamba zimetakata. Kwao wana namna yao ya kutakasa chombo. Wewe huijui, mimi siijui, majivu yako hayaijui. Mwanakhamisi anaijua. Mwachie aamue mwenyewe.

Sasa nyanyuka! Sufuria moja beba wewe, nyingine abebe Saulo. Alikuja na ndoo, aende na mdomo wake. Yuko Igowole? Apande gari leo. Na asipofika wewe usimngoje, maana mwezi haumngoji. Ukifika usianze habari za shetani, shetani hakuwasha moto. Sema: "Mama Nusrat, zimepikiwa nguruwe, nami nikakuficha. Nisamehe." Kisha funga domo. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, kaa kizingitini mpaka achoke kukufukuza. Atakasirika, mwanangu, sikudanganyi, na haki yake. Lakini mtu aliyekaa nawe wodini hawezi kukutupa kwa ukweli; kwa uongo, angalia sana. Akisema hazitaki tena, Saulo atanunua mpya kubwa kama hizo, za zamani akapikie nguruwe wake pumba. Na jioni ya kwanza ya mfungo uombe kumkorogea uji, kwa mwiko atakaokupa yeye.

Ukitoka kwake, hapo ndipo upige magoti. Utakuwa na la kumwambia Mungu bila kuangalia mlangoni.

Ulimwambia Nusrat bado unazikausha. Mwanangu, zimeshakauka. Peleka.